Siku Ishirini na Tatu za Acen

Kawempe, Kampala.
9 Oktoba 1977.

Mpendwa shemeji Odur,

Pokea salamu zetu, na leo ni nyingi kuliko za kawaida, maana nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Hujambo? Kifua chako bado kinakusumbua, au hewa ya Kisumu imekitengeneza? Na Adyero mkeo, amejifungua salama? Tulisikia ni mtoto wa kiume, lakini aliyetuambia ni mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo tunangoja neno lako. Sisi ni wazima. Dada yako Lakot amekonda kidogo, sababu utaiona mbele.

Natumaini bitana ya koti la Apio umeifumua taratibu kwa wembe, siyo kuirarua kama karani wa polisi uliyekuwa. Barua hii naishona humo kwa mkono, siyo kwa cherehani, tena kwenye karatasi nyembamba, ili mtu akilipapasa koti njiani asisikie kitu. Kazi safi kama hiyo hata wateja wangu siwafanyii.

Basi kama unaisoma, wamefika! Mapacha wako wote wawili, Apio na Acen, wameshafika kwako! Mama Ajwang, yule mfanyabiashara Mkenya anayetuletea sabuni, alisema atawavusha Busia kama wajukuu zake, na mama huyo akisema jambo hata askari wa mpakani humwachia njia. Washike mikono sasa hivi, mmoja huku na mmoja huku. Umewashika? Haya, nikuambie tulichokuficha.

Shemeji, kwa siku ishirini na tatu tulikuwa na mtoto mmoja tu. Acen alitupotea.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na mbili Septemba. Lakot alikuwa kwenye foleni ya sukari mjini, Apio mkono wa kushoto, Acen mkono wa kulia. Wanajeshi wakaja na lori lao wakitaka magunia yote, na mmoja akapiga risasi hewani. Watu mia mbili wakakimbia kila mmoja kwa upande wake. Lakot aliangushwa, na aliposimama mkono wa kulia ulikuwa mtupu. Alirudi nyumbani bila viatu na bila sukari, akakaa sakafuni, nikajua tu nilipohesabu watoto mwenyewe.

Kutangaza redioni hatukuweza. Mtangazaji angeuliza baba wa mtoto ni nani, na wale wanajeshi wanaokutafuta tangu ulipokimbia wana redio pia. Kituo cha polisi vilevile. Na usinikasirikie kwamba sikukuandikia. Lakot aliniapisha, alisema ukijua utarudi Kampala siku hiyohiyo, tukupoteze na wewe. Nikuulize kwa haki, usingerudi?

Picha nazo hatukuwa nazo, zile mbili uliondoka nazo. Ndipo nikapata wazo, na nikajiona mtu mwenye akili sana: picha ya Acen nilikuwa nayo nyumbani, inatembea na kula uji! Nikamchukua Apio kila siku baada ya kazi, nikazunguka naye Bwaise, Wandegeya, Kasubi mpaka kule kwenye makaburi ya wafalme, Katwe, kote. Namsimamisha mbele ya wenye maduka, nasema tunamtafuta anayefanana na huyu kama maji na maji.

Na habari zikaja, shemeji! Baada ya wiki moja nilikuwa sikai. Mtoto ameonekana Kasubi, nakimbia Kasubi. Ameonekana Wandegeya, nakimbia Wandegeya. Mwanamke mmoja wa Katwe aliapa amemwona kwa macho yake, amevaa gauni la kijani, yuko na mwanamume mrefu mwenye sura ya hasira. Nilimtafuta huyo mwanamume kwa siku mbili nikitaka kumvunja mbavu. Lakot ndiye aliyenifungua macho. Gauni la kijani ni la Apio, na mwanamume mwenye sura ya hasira ni mimi.

Cheka, unaruhusiwa. Mimi sikucheka siku ile. Watu hawakukumbuka maneno yangu, walikumbuka sura ya mtoto, na kila mahali nilipopita na Apio niliacha Acen wa uongo nyuma yangu. Nikakata tamaa kabisa. Nikarudi kwenye cherehani, na mtu akija na habari nilimwambia asante bila hata kuinua kichwa.

Jumatano iliyopita asubuhi akaingia Mushagalusa, yule Mkongo anayeuza samaki wakavu kwa baiskeli. Alileta suruali nimpunguzie. Akasema, bila haraka yoyote, "Fundi, mutoto yako niliona jana kule Luzira. Anafanya nini kule?"

Nikasema asante. Nikaendelea kukata uzi. Kisha mkasi ukabaki hewani, shemeji. Luzira! Luzira sikuwahi kumpeleka Apio! Ni nani anampeleka mtoto matembezi kwenye gereza? Huyo aliyeonekana Luzira hakuwa Apio!

Suruali yake niliiacha na mguu mmoja mfupi. Nilimpakia Mushagalusa nyuma ya baiskeli yake mwenyewe nikaendesha, maana petroli hakuna na teksi nazo zimelala. Unaijua njia hiyo, toka Kawempe mpaka karibu na Port Bell. Mapaja yangu bado yanauma ninapoandika.

Alinionyesha nyumba za wafanyakazi wa gereza. Na pale mlangoni, ameketi kwenye mkeka anamenya karanga, alikuwepo mtoto wetu! Mzima, nywele zimesukwa vizuri kuliko Lakot anavyosuka (hili usimwambie). Alikuwa na Joska, mke wa askari mmoja wa gereza. Mama huyo alikuwa kwenye foleni ileile, na risasi ilipolia alibeba mtoto aliyekuwa karibu ili asikanyagwe, akakimbia naye. "Toto hii hapana sema jina," aliniambia. "Mimi nauliza kila siku. Baba nani? Nyumba wapi? Inanyamaza tu."

Nikasema ni mtoto wa kwangu. Wakati huo mumewe alikuwa amesimama mlangoni na sare zake zote. Akamwuliza Acen kama ananijua.

Acen aliniangalia usoni. Miezi minane amelala nyumbani kwangu, gauni alilovaa nimelishona mimi. Akasema, "Simjui."

Shemeji, nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Kisha nikakumbuka lile somo ulilowapa mwezi wa pili, siku uliyoondoka, tukisikiliza mimi na Lakot. Mbele ya mtu mwenye sare, baba hamumjui, nyumbani hamkujui, na yeyote atakayesema ni wenu, hamumjui. Apio alilisahau kabla ya chakula cha mchana. Acen alilishika. Alikaa katika nyumba ya askari siku ishirini na tatu, akala chakula chao, akapendwa, na hakutoa hata herufi moja ya jina lako.

Yule askari alisema, na kwa haki yake, kwamba hawezi kumpa mtoto mwanamume asiyemjua. Siku hiyohiyo atampeleka kwa wakubwa wake, wao wamwulize. Wakubwa wanajua kuuliza kuliko Joska. Na mimi, niliyemkokota Apio Kampala nzima bure, siku hiyo moja nilikuwa nimemwacha nyumbani!

Nikamwomba aningoje mpaka jua lizame, akasema haahidi kitu. Nilirudi Kawempe peke yangu na baiskeli, nikamtupa Apio nyuma, nikageuza. Njiani sikusali sala ya maana, nilikuwa nasema tu "Mungu, wasiondoke, Mungu, wasiondoke," kwa kila mzunguko wa pedeli. Apio alikuwa ananiambia nisimtikise.

Walikuwepo. Apio aliruka kabla sijasimama akaanza kupiga kelele, "Acen! Acen! Tumekutafuta mpaka..." na Acen akatupa karanga zote, akamkimbilia, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamgeukia yule askari, mkono ungali mdomoni mwa dada yake, sura moja na ile sura nyingine, akasema, "Simjui na huyu."

Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka. Joska alilia na kucheka pamoja, na mimi nililia tu, sina aibu kusema. Yule bwana hakuuliza jina la mtu tena. Alisema tu, "Macho yangu iko, mimi hapana pofu. Chukua toto yako, enda mbio." Nadhani alielewa zaidi ya alivyosema. Mungu ambariki na nyumba yake, na Joska nitamshonea gauni la sikukuu, nimeshapata kitambaa.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Acen anakula, anacheza, anagombana na Apio kama zamani. Lakini Lakot akimwuliza kwa utani baba yako nani, mlango umefungwa, tuko sisi tu, anajibu hajui. Tumemwambia imetosha. Anatutazama kama tunamtega. Somo lile hakulipokea kwetu, na sisi hatuwezi kulifuta.

Kwa hiyo labda ameshasimama mbele yako leo, umemfungulia mikono, naye amesema hakujui. Anakujua! Usilie mbele yake, asije akadhani amekosea. Mwambie kwanza alifanya vizuri sana. Kisha, Odur, fungua mlango, mshike mkono, toka naye nje mahali ambapo majirani wanasikia, na useme wewe kwanza jina lako lote, kwa sauti kubwa. Halafu unyamaze umngoje.

Msalimie Adyero na mtoto mchanga, na mzee Ogwal kama bado mnaishi jirani. Lakot anasema wasisukwe na mtu mwingine mpaka aje, lakini atakuja lini hatujui. Mungu awafunike wote wanne, watano sasa, chini ya paa moja.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata unaponiachia watoto wanaosikia kupita kiasi,

Masinde