Kidole Tumbo cha Mama

Kaka, shikamoo.

Tulia kwanza. Mama amekunywa uji, amemgombeza mfagizi wa wodi, na anauliza nani anawalisha kuku wake. Yaani amepona.

Kilikuwa kidole tumbo. Daktari alipompasua hakukikuta mahali pake pa kawaida, chini kulia. Kilikuwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, kimeelekea juu karibu na figo, ikabidi aongeze mkato. Nikamuuliza kama huo nao ni ugonjwa. "Hapana, sista, ndivyo alivyoumbwa. Wako wengi. Ndiyo maana nikishafungua tumbo, mazoea nayaacha mlangoni."

Sasa hili nakuambia wewe tu. Mama alilalamika mgongo siku mbili. Mimi, na miaka yangu kumi na moja ya uuguzi, nikambonyeza chini kulia, hakushtuka, nikasema ni uchovu wa jembe. Nikamchua kwa dawa, nikaenda zangu kazini kuhudumia wagonjwa wa watu. Siku ya tatu homa ikapanda, ndipo nikamkimbiza hospitali. Daktari anasema ilibaki kidogo tu kipasuke.

Leo wageni wamemzunguka Mama kitandani, naye anawatambia: "Bila huyu binti yangu ningeshazikwa. Ndiye aliyegundua!" Nikainama kumwekea mto vizuri, nikacheka nao.

Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajapata nguvu za kunirushia kandambili.

Mdogo wako,
yule yule mjuaji