Bluu ya Samaki Wako

Baba Rehema,

Neno "mpendwa" nimewaachia wenye nalo. Nakuandikia kwa jambo moja tu. Rehema ameposwa, wazee wameshakubaliana, na shehe wa hapa Singida amesema maadamu baba yu hai na anajulikana alipo huko Tabora, idhini ya ndoa itoke kwako. Kwa hiyo leo, baada ya miaka yote hii ya kukaa kwa raha zangu bila sauti yako, nakuhitaji. Usivimbe kichwa. Hata mlango wa choo watu huuhitaji.

Lakini siwezi kukuomba kitu bila kukukumbusha wewe ni nani, maana watu wa aina yako husahau haraka. Unalikumbuka tangi la samaki?

Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa, mitumba yako inatoka, ukajiona tajiri wa mjini. Ulikwenda Dar kufuata mzigo ukarudi na samaki wekundu ndani ya mfuko wa nailoni, umewapakata kwenye treni njia nzima kama mzazi aliyetoka hospitali. Mimi Rehema nilimzaa Manyoni, na hukumpakata hata kufika stesheni. Ukatafuta fundi vioo akakuunganishia tangi, ukaliweka sebuleni mahali pa kabati langu la vyombo. Kabati likahamia uani, mchwa wakalila.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Ilongero kutibiwa macho. Alikaa mbele ya lile tangi asubuhi nzima akikodoa macho, kisha akauliza kwa upole, "Hawa tutawala lini?" Ulinuna hadi jioni. Mimi nikaenda kuchekea jikoni.

Halafu ikaja habari ya taa. Kwenye hoteli moja ya Dar uliona tangi linawaka usiku mwanga wa kibuluu, ukamuuliza mhudumu, naye akakujibu kwamba usiku wanawawekea samaki bluu, wadhani ni mbalamwezi. Taa ya dukani ukasema ni ghali, utatengeneza mwenyewe. Haya, ulijituma. Ulichukua mfuniko wa kopo la maziwa, ukautoboa kwa msumari, ukachomeka balbu za tochi, ukaziunga kwa nyaya za redio mbovu ya marehemu baba yako. Betri zilizokwisha ukazianika juani juu ya bati zipate nguvu. Wateja wanakusubiri sokoni, wewe uko uani unageuza betri kama mwanamke aliyeanika mboga.

Taa ikawaka, hilo sikunyimi. Ukaja mgao wa umeme, nyumba nzima ikawa gizani isipokuwa samaki. Rehema alikuwa darasa la saba. Akasogeza kigoda chake karibu na tangi, akafungua daftari la hesabu. Ukamwambia, "Ondoka hapo, unawakosesha usingizi." Mtoto alidhani unatania, akacheka. Ukamwinua kwa mkono. Mtihani wa kumaliza shule alijisomea jikoni, kwenye kibatari, akitoka na masizi puani, na wewe ukaona sawa. Hilo sijakusamehe, na nakwambia waziwazi ili usije ukabahatisha.

Samaki walikuwa na mwanga, lakini mwanga wenyewe ulikuwa wa njano, nawe ulitaka mbalamwezi. Ukaenda dukani ukarudi na pakiti ya bluu. Bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashuka. Nikakwambia, "Baba Rehema, yule mtu alimaanisha rangi. Hiyo ni ya nguo." Ukanijibu, "Wewe unajua nguo tu." Ukaikoroga kwenye uji wa sembe, ukaipaka upande wa ndani wa kioo cha kufunikia tangi, taa ukaiweka juu yake. Kweli kulipendeza, ukaita majirani waje waone ufundi. Hukufikiri kwamba maji hutoa mvuke, na mvuke hudondoka. Kulipokucha tangi zima lilikuwa beseni la kufulia, na samaki wako wameelea ubavu juu.

Mwanaume mwenye akili zake angecheka akasema nimekosea. Wewe ulisimama katikati ya sebule, vidole vya bluu hadi kwenye kucha, ukasema ni jicho la mama yangu. Mama ambaye hata uso wako alikuwa akiuona kama kivuli. Alikusikia. Alifunga kanga zake, akapanda lori la alizeti lililokuwa likirudi Ilongero, na matibabu yakaishia hapo. Alikufa haoni kitu. Ulikuja msibani, ukala pilau, ukaongeza.

Talaka ndiyo kitu pekee ulichowahi kunipa bila kujisifu.

Sasa tuje kwenye haja yangu. Nilipanga kukuandikia utume idhini tu, mdogo wako asimame kwa niaba yako, nawe ubaki hukohuko. Nikamweleza Rehema. Akasema, "Hapana, mama. Mwambie aje mwenyewe." Nikamkumbusha tangi. Nikamkumbusha bibi yake. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nayakumbuka yote. Lakini ni baba yangu, nataka anioze yeye." Nilikasirika hadi chai ikanimwagikia. Nimelea mimi, nimesomesha mimi, na siku ya furaha yake anakutaka wewe. Inaniuma, na sioni sababu ya kukuficha.

Basi njoo. Utatandikiwa mkeka mbele, karibu na shehe. Usimsimulie mkwe wako biashara zako, na usitengeneze kitu chochote humu ndani hata kikiwa kimevunjika. Shehe akikuuliza, jibu kwa sauti ya kusikika, kisha nyamaza. Bwana harusi atakuwa mbele yako, lakini Rehema atakuwa chumba cha ndani na wanawake, hakuoni, ametega sikio apate kukusikia unamwozesha. Usipokuja, mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa naye humo, akisubiri.

Ni mimi,
Mama Rehema