Lusiana wa Miriam

Nambambo,
Nachingwea.
9 Juni 2024

Mpendwa dada Lydia,

Mwangaluka, dada. Hujambo wewe? Mguu umeacha kukusumbua, au bado unaukanda kwa maji ya moto huku unamtukana mganga? Shemeji je? Na mama anakula vizuri, au anaonja tu na kusukuma sahani? Sisi huku tunapumua, Mungu anatulinda.

Barua hii anakuletea Jonasi, yule mwenzetu wa Kwimba, anakuja kumwona mama yake. Simu usihangaike kupiga, Masanja ameondoka nayo. Yuko Chinongwe, upande wa Ruangwa, na mwanetu Luka na ng'ombe wote, kwa kuwa hapa kijijini hawatakiwi tena. Mimi nimebaki na Miriam kwa ajili ya shule yake. Unakumbuka ulivyonicheka niliposema nimechoka kunuka ng'ombe? Basi sasa boma ni jeupe, hata nzi wamehama.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa nne ng'ombe walimponyoka Luka wakaingia kwenye ufuta wa jirani yetu Yunusi, wakala na kukanyaga upande mzima. Masanja alilipa fidia mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wakapeana mikono, yakaisha. Yaliisha midomoni. Tangu siku ile mke wa Yunusi, mama Shamimu, akinisalimia anatazama ndoo yake. Na wanawake wengine wakamfuata. Dada, wewe unanijua mimi na mdomo wangu. Wiki nzima inapita sijaongea na mtu mzima.

Kilichokuwa kinanibeba ni Miriam na tamthilia yake. Kwa Yunusi kuna sola na televisheni, na jioni watoto wanaangalia tamthilia ya Kihispania, ya watoto wenzao, yenye nyimbo nyingi. Naambiwa ina miaka na miaka na haina dalili ya kwisha. Wameiwekea sauti za Kiswahili, ila nyimbo wameziacha na Kihispania chake. Miriam na Shamimu, ambao wako darasa moja, wanaziimba zote bila kujua neno hata moja. Mimi sijawahi kuiona. Mimi nahadithiwa jikoni, kwa Kisukuma chetu, nikisonga ugali. Yupo binti anaitwa Lusiana, baba yake anaoka mikate, na wenzake wanakuja kuimba nyuma ya tanuri. Kuna shangazi mmoja anataka duka liuzwe. Huyo nilimchukia mpaka ugali ukashika chini.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Lusiana akawa na mbuzi. Mbuzi wakala maua ya jirani. Wenzake wakahamia kuimba nyumba nyingine, na yeye akawa anasimama nje ya uzio. Nikajiambia Wazungu nao wana mambo yao, mwoka mikate kufuga mbuzi mjini. Mjinga mimi.

Siku moja nikamkuta Shamimu bombani. Kwa utani nikamwuliza mbuzi wa Lusiana wamefikia wapi. Mtoto akanishangaa. Akasema hakuna mbuzi kwenye tamthilia, na Miriam hajaingia kwao tangu ng'ombe walipokula ufuta, maana Yunusi alikataza. Akasema Miriam anakaa mbali, chini ya mkorosho, mahali ambapo nyimbo zinasikika lakini maneno hayasikiki. Nyimbo zikiisha anaondoka.

Kumbe yote mengine alikuwa ananitungia! Alijua nangojea jioni kama mtu anavyongojea mshahara, akaona vibaya kuniambia kwamba imekwisha. Nililia palepale bombani, nikajifanya nanawa uso.

Nyumbani sikumwambia kitu. Akakaa kwenye kigoda chake akaendelea, Lusiana bado yuko nje. Kisha akaniuliza, "Mama, unafikiri watamfungulia?"

Nikamjibu watamfungulia. Ningesema nini, dada?

Kesho yake nikachukua mundu nikaenda shambani kwa Yunusi, walikuwa wanakata ule ufuta uliosalia. Baba alitufundisha kwamba ukimkosea jirani usimpelekee maneno, mpelekee jasho. Kama huku wana desturi hiyo sikujua. Sikuitwa na sikukaribishwa. Nikashika mstari wangu, nikakata, nikafunga, nikasimamisha mafungu yakauke kama wao. Mama Shamimu aliniangalia tu. Nikarudi tena, na tena, mpaka shamba likaisha. Siku hiyo ya mwisho Yunusi akaja akasimama mbele yangu, nikajua sasa nafukuzwa.

"Mama Miriam," akasema, "walioingia shambani ni ng'ombe. Mtoto mwambie aje."

Sasa anakwenda. Shamimu anamwita kutoka njiani, na wanarudi wakiimba makelele yao. Nimefurahi, dada, usidhani sikufurahi. Mtoto alikuwa ameanza kukonda, sasa anakula na kuomba ukoko.

Ila huko kwenye tamthilia yenyewe duka lilishauzwa zamani, Lusiana yuko shule nyingine, kuna watoto wapya siwajui. Miriam ananieleza kwa maneno mawili matatu, anasinzia. Mama Shamimu ananisalimia vizuri siku hizi, hata ming'oko ameniletea, ile mizizi yao ya porini, mitamu sana. Lakini kuniambia nami niende nikaangalie, bado. Na mgeni hajikaribishi. Jana nikamwuliza Miriam kulikoni huko kwa Lusiana. Akanijibu, "Mama, si uje uangalie mwenyewe?" Nikamwambia nina kazi nyingi. Sina kazi yoyote, dada. Hakuna hata ng'ombe wa kukamua.

Nisalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji, Magreti na wanawe, na Teodosia mwambie sijamsahau. Mungu awafunike, awape mvua kwa wakati wake na afya ya kuilimia.

Jonasi anarudi mwisho wa mwezi. Mpe barua, iwe ndefu. Kama habari za huko ni chache, tunga, nami nitaamini.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukukosa,
Bertha