Kwa Mama Makaratasi, Aliyekataa Kulipoteza Daftari

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumanne ile saa nne asubuhi walipokukuta chini ya ngazi za maktaba, miwani yako ikiwa bado usoni.

Watu walikuita Mama Makaratasi, nawe ulicheka. Ulipoanza kazi pale chuo kikuu, sehemu ya historia ilikuwa rafu mbili tu, vitabu vyote vimeandikwa na watu waliokuwa wapita njia. Ulisema mtafiti hashibi harufu ya jikoni kwa jirani. Ukaanza kutafuta maandishi ya wenyeji wenyewe: shajara za walimu, madaftari ya zahanati, barua za vibarua, kumbukumbu za vikao vya vyama vya wafanyakazi. Miaka thelathini na moja. Rafu mbili zikawa vyumba vinne.

Misibani ulilia kama kila mtu, halafu siku ya tatu ukamvuta mfiwa pembeni: "Pole sana, ndugu yangu. Makaratasi ya marehemu mmeyaweka wapi? Msichome kwanza." Baba aliona haya mpaka akawa anatazama viatu vyake.

Karatasi zenye wadudu uliziweka kwenye friza letu wiki mbili, wadudu wafe. Tumekula mboga zilizolala na barua za watu, na hatukuugua.

Kisha mjane wa msimamizi wa machimbo ya mawe akakuletea sanduku. Ndani mlikuwa na daftari la mwaka wa mgomo, ule ambao vibarua saba walichukuliwa na hawakurudi. Lilionyesha nani alitoa majina yao na nani aliyapokea. Kati ya waliopokea, wapo ambao leo ni wakubwa. Aliyeyatoa alikuwa karani kijana wa machimbo: kaka yako mkubwa, mjomba wetu, aliyekulea baada ya wazazi wenu kufariki.

Ulikaa nalo wiki nzima. Kisha ukaliingiza daftari kwenye orodha ya maktaba, kwa mkono wako mwenyewe.

Mjomba alikuja Jumapili mchana. Hakukaa.

"Mdogo wangu, hilo daftari lipoteze. Makaratasi hupotea kila siku."

"Kwangu hayapotei, kaka."

"Mimi nimezeeka, nitakufa na aibu yangu. Nakuhofia wewe. Kuna watu wameshajua."

"Na wale saba, kaka, nani aliwahofia?"

Mjomba alishika kitasa cha mlango, akaondoka bila kuaga.

Hazikupita siku kumi, wanaume wawili waliovaa vizuri wakafika chumba cha kusomea, wakaliomba daftari hilo hilo, na orodha ilikuwa hata haijatolewa. Wiki iliyofuata kufuli la stoo likakutwa limekwaruzwa. Ukaanza kurudi nyumbani kwa njia ya sokoni, yenye watu. Ulipoona tunakukodolea macho mezani ukasema, "Msinitazame kama maiti, bado nakula." Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Daktari alisema ni moyo. Hatubishani na daktari. Lakini kitoroli chako kilikuwa kimesimama juu ya ngazi, na masanduku yote yamo isipokuwa lile la machimbo.

Hili tunakuambia wewe, na wengine wasikie pia: daftari ulikuwa umeshalipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ziko katika maktaba tatu. Mwenzako mshona majalada ndiye aliyezipeleka. Sisi hatujaambiwa ni maktaba zipi, wala hatutaki kujua. Mwezi ujao, tarehe mosi, zitafunguliwa kwa wasomaji. Watoto wa wale saba wameshajiandikisha.

Tangu habari hiyo itoke, gari jeupe husimama mbele ya geti letu kila mchana, vioo vimepandishwa. Baba huwapelekea maji ya kunywa. Hawapokei.

Alhamisi Mjomba alikuja, safari hii akakaa. Alisema siku ya kufunguliwa atakuwepo, na ukurasa wake atausoma mwenyewe, mbele ya watoto wale, kwa sauti yake.

"Huogopi, Mjomba?"

"Naogopa. Ndiyo maana nawaambia mapema, nisije nikageuka."

Akaomba tumwandike katika tangazo hili la kumbukumbu. Tulikaa kikao. Kitindamimba wako alikataa mpaka mwisho, akatoka nje. Tumemwandika.

Unakumbukwa na mumeo, watoto wako watatu (fundi umeme, muuguzi na kitindamimba), wakwe zako, wajukuu wako watano, wifi yako mshonaji, wenzako wote wa maktaba, na kaka yako mkubwa, ambaye tangu juzi hajaonekana nyumbani kwake, na tunaendelea kumtafuta.

Hatutakusahau, Mama. Si leo, si kesho.