Kuhema kwa Uongo

Jumatatu, 4 Machi

Nimeandikishwa darasa la moyo pale kliniki, la kufundishwa kula na kutembea. Presha juu, mafuta kwenye damu juu, kiuno ndiyo usiseme. Daktari kanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Akauliza kama kwetu kuna aliyefariki kwa moyo. Nikamtaja dada yangu. Mvua ilianza, akakimbia kuanua nguo, akaanguka na shuka mkononi. Ana — alikuwa na umri huu nilio nao mimi sasa.

Mimi fundi cherehani, kutwa nimekaa. Leo nimeshona mfuko wa suruali ya mteja nikauziba mdomo, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza kifua.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu kaonja mboga, akauliza kama chumvi imesafiri. Nikacheka. Kisha nikaingia chumbani nikalia kidogo.

Kula naweza kubadili. Kutembea ndiko kutakakoniua — Mungu wangu, naandika nini.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumetembezwa darasa zima, tukizunguka uwanja wa shule. Nesi ana kipimo chake: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni sawa. Anapita kwa kila mtu, anakwambia imba. Ukiimba vizuri, anakuongezea mwendo. Kinyozi, mwenzangu wa kutembea, kaimba ubeti mzima, mikono kaipanua. Kaambiwa akaze.

Ikaja zamu yangu. Ningeweza kuimba harusi nzima! Lakini nikikaza mwendo moyo utadunda, na ukidunda namwona dada na shuka lake. Nikashika kiuno, nikahema. Uongo mtupu. Nesi akasema basi mama, mwendo huo huo. Kinyozi kaniangalia tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimehema tena. Nyumbani nimeacha chumvi, uwanjani nikaitia yote. Nesi akaacha kutabasamu. Akanikalisha, akanipima mapigo, akamwita daktari. Wanasema mwendo mdogo vile haupaswi kunichosha hivyo. Napelekwa hospitali kubwa, nikatembee juu ya mashine inayoongezwa kasi, nyaya kifuani, mpaka moyo useme ulicho nacho.

Kile nilichokuwa nakikwepa nimekiita mwenyewe.

Kinyozi kanisindikiza mpaka barabarani. "Fundi, waambie," akasema. Nikamuuliza niwaambie nini. Akasema kutwa ameshika shingo za watu, anajua mtu anapohema kweli.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwambia nesi. Yote: dada, shuka, kuhema kwa uongo. Nilidhani atanigombeza. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanishika bega. Kasema moyo kudunda kwa mazoezi ndiyo dawa yenyewe. Kipimo twende tu, yeye atanipeleka, ila sasa hana wasiwasi na mimi.

Nimeshona mchana kutwa bila kusikiliza kifua. Mume wangu kaniuliza mbona naimba.

Alhamisi, 21 Machi

Hospitali. Benchi, nje ya chumba cha kipimo.

Lifti mbovu, tukapanda ngazi. Nilianza vizuri, napiga soga na nesi. Kufika ghorofa ya pili sauti ikakatika. Kama mtu kanizungushia utepe wa kupimia kifuani na anauvuta. Nikashika ukuta. Nesi alikuwa mbele. Akageuka, akacheka. "Mama, leo tena? Hapa hatuna uwanja." Nikataka kumwambia. Pumzi haikutosha maneno. Akaendelea kupanda, nami nikamfuata, ngazi moja, napumzika, ngazi moja.

Sasa yuko pale dirishani anatoa karatasi zangu, anamchekesha mhudumu wa mapokezi. Mimi naandika ili mkono uwe na kazi. Huu wa kulia. Wa kushoto mzito. Au ni woga? Nimeuigizia mwili huu mpaka na mimi siujui tena. Jasho, na hapa kuna baridi. Utepe haujalegea.

Nimemwita. Kwa sauti niliyokuwa nayo. Kageuka — anatabasamu, kanyoosha kidole kimoja, nisubiri kidogo