Mwanga Kwenye Kisigino

Jumatatu, 21 Machi 1994

Kosa la watu wengi ni kuipima dawa kwa ukali wake. Isipochoma, si dawa. Nimefundisha sayansi miaka thelathini, sitaki kuangukia hapo. Lakini leo nimemulikwa mara ya tatu na sikuhisi kitu. Hata joto. Kisigino cha kulia bado chauma. Hatua ya kwanza asubuhi ni kama kukanyaga msumari.

Bi Nafula, mtaalamu wa viungo, ana chumba kidogo hapa Frere Town. Anashika kitu kama kalamu nene, kinatoa mwanga mwekundu. Leza, asema. Si ile ya kukatia chuma. Hii ni hafifu, ya kutuliza maumivu na kusaidia mwili upone. Ananivisha miwani myeusi. Kama ni hafifu, miwani ya nini? Sikuuliza. Namshuku.

Alhamisi, 24 Machi

Mara ya nne. Kabla ya kumulika alinipangusa unyayo kwa pamba yenye spiriti. Akasugua sana. Akaitazama pamba, akanitazama mimi. Anaficha nini?

Jibu la miwani nimelipata mwenyewe: jicho hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia. Nimelifundisha mara ngapi! Aibu.

Baada ya alasiri mke wangu, Zuhura, kanipaka hina, kama kila Alhamisi. Unyayo mzima hadi ukingoni. Hutoa moto wa miguu. Hina naihisi, baridi yake tamu. Mwanga, hapana.

Jumamosi, 26 Machi

Jaribio. Tochi, karatasi nyekundu ya peremende, dakika tano kisiginoni. Sikuhisi kitu, sawasawa na kule kwa Bi Nafula. Nikamwambia Zuhura nimepata leza ya nyumbani.

Hakucheka. "Na Makka utakwenda nayo hiyo?"

Hapo ndipo penyewe. Msafara wa hija waondoka Mei. Kiongozi ataka pasipoti kabla ya Aprili kwisha. Kuna kuizunguka Al-Kaaba, kuna kutembea baina ya Safa na Marwa mara saba. Sitaki kubebwa. Na nisipokwenda mimi, Zuhura naye hendi, maana hana maharimu mwingine, mwanamume wa karibu wa kufuatana naye. Ameingoja safari hii tangu tuoane. Naogopa.

Jumatatu, 28 Machi

Mara ya tano. Bure.

Shee Ali mwenye duka, mbele ya watu barazani: "Mwalimu, nasikia wamulikwa kisigino kama pweza kwa karabai!" Wakacheka. "Jihadhari, pweza akishamulikwa huingia chunguni!"

Nimekasirika. Kwa sababu nami nawaza hivyo hivyo.

Alhamisi, 31 Machi

Nimemkabili. Kwa adabu, lakini nimemkabili. "Mwanangu, wallahi mara sita sasa, sioni tofauti. Mashine hii yafanya kazi?"

Akaitazama miguu yangu. "Mzee, samahani, hata mimi nina swali. Hii rangi ya miguu yako ni ya nini?"

"Hina."

"Hina!" Akaketi. "Mimi natoka bara, Mzee. Nilidhani ni udongo wa shamba. Nikaona haya kumwambia mtu wa rika la baba yangu akanawe miguu."

Mimi! Nitawadhaye mara tano kwa siku!

"Basi wiki zote hizi nimekuwa nikiitibu hina," akasema. Nilicheka mpaka miwani ikanianguka.

Rangi nzito humeza mwanga kabla haujafika ndani. Ndiyo maana kanzu nyeusi huchoma juani. Nilijua. Ila kwangu hina si rangi, ni mambo ya nyumbani. Haikunipitikia kuitaja kwa daktari.

Sasa atamulika ubavuni mwa kisigino, juu ya mstari wa hina, ngozi ilipo wazi. Pia nivute mguu kwa taulo kila asubuhi, na nisikanyage sakafu bila viatu. Nikamuuliza kama nitapona kabla ya Mei. Amesema hajui. Kwa neno hilo nimeanza kumwamini. Kidogo.

Jumanne, 12 Aprili

Bado naumwa. Hina yafifia polepole. Zuhura alitaka kunipaka tena, nikakataa, akanuna. Miguu yawaka. Huenda nimeacha dawa ninayoijua kwa nisiyoijua.

Jumatano, 27 Aprili

Asubuhi nimeuzunguka uwanja wa shule mara saba, polepole, watoto wakiwa likizoni. Maumivu yalianza mzunguko wa sita. Nikaumaliza wa saba.

Sijui kama ni mwanga, taulo, viatu, au siku tu kupita. Mwalimu mzuri hubadilisha jambo moja kwa wakati. Mimi nimebadilisha yote pamoja, sitajua kamwe. Mwanga bado naushuku.

Zuhura yuko jikoni. Haulizi. Pasipoti zetu mbili ziko mezani, ndani ya bahasha.

Leo nazipeleka kwa kiongozi.