Sindano Iliyosikiliza Mkono Wako

Mama yangu mpendwa,

Leo nimebaki nyumbani hapa Kanamkemer, Lodwar, kwa sababu ya mafua, na nyumba ikiwa kimya hivi ninakuwaza sana. Nimeona nikuandikie.

Nakuona kule kambini Kalobeyei, umekaa kwenye kiti chako cha plastiki, mteja ameketi chini mbele yako, wewe unamsuka huku ukiimba nyimbo za kwaya. Wanawake walikuja hata kutoka Kakuma kufuata vidole vyako. Mikono hiyo ndiyo iliyotulisha tangu tulipofika kutoka Kongo, na ndiyo iliyonisomesha.

Halafu mikono ikaanza kukukatalia. Asubuhi ulisuka vizuri kabisa. Ikifika saa sita mikono haipandi tena, kope zinaanguka, maneno yanakuwa mazito mdomoni. Siku moja dada mmoja wa Sudan Kusini aliondoka akiwa amesukwa nusu ya kichwa tu, amejifunika kitenge. Niliona aibu, na aibu ikanifanya mkali. Nikakuambia, "Mama, unajifanya. Mbona asubuhi uko mzima?"

Ulikusanya vitana vyako, ukaingia ndani.

Kliniki walikupima malaria na damu, hawakuona kitu. Majirani wakasema umerogwa. Miezi ikapita hivyo, hadi tulipoambiwa kwamba daktari wa mishipa ya fahamu anakuja Lodwar kwa siku chache na mashine yake ya kupima misuli. Tukaomba kibali cha kusafiri, tukalala nyumba ya wageni ya Nawoitorong, na asubuhi tukaenda.

Nesi alikusalimu kwa lugha ya wenyeji, "Ejok, mama," ukamwitikia "Ejok" kwa lafudhi yako ya Kongo mpaka akacheka. Lakini ulipoiona ile sindano nyembamba yenye waya nyuma yake, ulinishika mkono.

"Inaweka dawa gani?"

"Haiweki kitu, mama," daktari akasema. Alikuwa mwanamke mpole, anaongea taratibu. "Inasikiliza tu. Msuli umejaa nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ukifanya kazi unatoa umeme kidogo. Ncha ya sindano hii inausikia umeme wa uzi mmoja mmoja."

"Kama ni kusikiliza," ukasema, "basi isikie muzuri."

Aliiingiza kwenye mkono wako, chini kidogo ya kiwiko, akakwambia uinue kidole kimoja polepole. Ulikunja uso lakini hukulalamika. Mashine ikaanza kulia tak, tak, tak, na kwenye kioo vikatokea vilima viwili vidogo, kimoja nyuma ya kingine. Kile cha kwanza kilisimama palepale. Cha pili kilikuwa kinayumba, mara karibu, mara mbali, na mara nyingine hakikutokea kabisa. Daktari aliisogeza sindano kidogo, akasikiliza nyuzi nyingine, halafu nyingine tena. Karibu kote ilikuwa hivyo hivyo.

Akatuelezea. Nyuzi mbili zile zinapokea amri kutoka kwenye mshipa mmoja, kwa hiyo zinatakiwa kuitikia karibu pamoja kila mara. Kwako amri inatumwa vizuri, ila pale mshipa unapokutana na msuli inakwama. Ukipumzika inapita. Ukifanya kazi sana inakwama zaidi.

"Kwa hiyo yeye anajitahidi?" nikauliza.

"Anajitahidi kuliko mimi na wewe," daktari akajibu. "Ugonjwa huu una dawa."

Pale nje nilikupigia magoti kwenye mchanga, watu wakitutazama. Nikakuambia unisamehe kwa neno lile. Ulininyanyua kwa mkono uleule uliokuwa na plasta, ukasema, "Nilikusamehe zamani, mwanangu. Kilichoniumiza ni kwamba hata miye nilikuwa nimeanza kukuamini."

Mama, jeraha la sentensi hiyo halijapona.

Vidonge vilikusaidia. Siku ya kwanza ulikaa na kioo kidogo ukiyatazama macho yako yakifunguka, ukacheka peke yako. Ulisuka tena, ingawa ulipumzika katikati, na hakuna mteja aliyeondoka tena na nusu ya kichwa. Tulipata miaka mizuri. Halafu kifua kikakushika, pumzi ikawa fupi, na hospitali haikuweza kukurudisha. Asubuhi ile ya mwisho ulinitazama tu. Sikungoja uinue mkono. Niliuchukua mimi, nikauweka shavuni kwangu mpaka ulipokwenda.

Sasa nina binti wa miaka minne, Mama, ambaye hukumwona. Ana kiburi chako, na anakataa kusukwa, anakimbia akiona kitana. Jana tulikuwa tunatoka sokoni, nyumbani ni pale karibu kabisa, akaketi chini akasema miguu imechoka. Jirani akaniambia anadeka, nimwache atafuata mwenyewe.

Nilimbeba. Akiniambia amechoka, ninamwamini.

Lala salama, Mama.

Mimi binti yako,
uliyemsamehe kabla hajaomba